Ngozi ya Bibi Harusi

Watu walimwita Fundi Manyoya, na wengi hawakujua jina lake jingine. Alikuwa mama wa pacha waliokuwa shule ya bweni, mwanamke mwenye mabega mapana na mikono iliyokauka kwa chumvi na shabu ya kulowekea ngozi. Kazi yake ilikuwa kutengeneza mazulia ya ngozi zenye manyoya. Alitengeneza za mbuzi, kondoo na sungura, na za ng'ombe pia akipatikana mwenye rangi ya kupendeza. Karakana yake ilikuwa banda la mabati nyuma ya nyumba, lenye mapipa ya kulowekea, fremu za mbao za kuwambia, na meza ndefu ambapo ngozi iliparuliwa upande wa nyama mpaka ikawa laini kama kitambaa. Harufu ya banda hilo majirani walikuwa wameshaizoea. Wageni ndio walioziba pua.

Mwaka huo alipata kazi kubwa kuliko zote. Daktari mmoja wa meno, aliyekwisha kustaafu, alikuwa amejenga nyumba kilimani nje ya mji, na aliijenga makusudi ionekane ya kishamba. Kuta zilikuwa za mawe yasiyopigwa plasta, paa limebebwa na magogo yenye magome yake, na sakafu ni mbao nene zilizolia kila ulipokanyaga. Kwa nje ilipendeza sana. Ndani ilikuwa na ubaridi wa ghala tupu, na ukikohoa sebuleni unajisikia mpaka jikoni.

"Nataka ivae nguo," Daktari alimwambia siku ya kwanza. "Sasa hivi iko uchi."

Fundi Manyoya alizunguka chumba hadi chumba, akatazama mwanga unaingilia wapi na milango inafungukia upande gani. Akaamua ngozi za kondoo, nyeupe na nene, zitandikwe kwenye benchi la mawe linalozunguka sebule. Za mbuzi, kahawia na kijivu, zikae kando ya vitanda, ili mtu akiamka asishushe miguu kwenye baridi. Za sungura zishonwe ziwe mito. Mbele ya meko ya kuotea moto alitaka ngozi moja kubwa ya ng'ombe, iwekwe mbali kidogo na cheche. Daktari akaitikia kila kitu kwa kichwa.

Baada ya siku chache alifika mwenyewe karakana akiwa na gunia begani, akalitua mlangoni bila kuingia.

"Ya mbele ya meko hii hapa," alisema. "Nimeshaipata. Wewe itengeneze tu."

"Umeipata wapi, Daktari?"

"Mbali huko."

"Nauliza kwa sababu ya chumvi. Ikikaa bila chumvi ya kutosha, manyoya yananyonyoka."

"Nilipita tu nikaiona," alijibu huku akiangalia gari lake. Alikaribishwa chai akasema ana haraka. Huyo ni mtu ambaye siku zote alikunywa vikombe viwili na kuomba cha tatu.

Fundi alilifungua gunia, akaikunjua ngozi juu ya meza. Ilikuwa nyeusi, imekauka vizuri kwa chumvi. Kutoka utosini ilishuka rangi nyeupe, ikafunika shingo na kumwagikia mabegani kama shela. Akaigeuza haraka, akapapasa ubavu wa kushoto, na vidole vyake vikakuta kovu refu lililopinda mwishoni. Kovu hilo alilijua. Yeye mwenyewe ndiye aliyeliosha na kulipaka dawa siku ng'ombe huyo alipojikwaruza kwenye waya wa miba.

Alikuwa Bibi Harusi, ng'ombe wa mama mkwe wake. Alikuwa ametoweka kabla ya mvua.

Kutoweka kwake hakukuwa jambo dogo. Mama mkwe aliishi peke yake upande wa pili wa mji, na asubuhi moja alituma ujumbe kwa mwanawe kwamba banda li wazi na ng'ombe hayumo. Mume wa Fundi Manyoya, dereva wa pikapu ya mizigo na mtu wa hasira za karibu, hakuhitaji kufikiri sana. Aliyekuwa akiingia banda hilo kila siku alikuwa muuza maziwa, yule aliyeitwa Kengele kwa sababu ya baiskeli yake. Kengele alijua mlango unafungwaje. Alijua bibi anaamka saa ngapi. Basi mume akaenda mpaka kwenye kona Kengele anapouzia maziwa, akamwita mwizi mbele ya wateja wake wote. Polisi walikuja, wakauliza maswali, wakaondoka bila kupata kitu. Lakini neno lilikuwa limeshatoka. Tangu siku hiyo wengi walipita kwenye kona ile wakijifanya wana haraka.

Fundi Manyoya hakuwahi kusema lolote juu ya jambo hilo. Alimwamini mumewe nusu, na nusu nyingine aliiacha ilivyo. Sasa ngozi ilikuwa mezani kwake, na ile nusu ikaanza kumwasha.

Mchana huo mume alichungulia bandani.

"Kuna mzigo mpya?"

"Mbuzi tu," alijibu. Alikuwa ameshaifunika kwa ngozi nyingine. Alijishangaa kwa jinsi uongo ulivyotoka laini.

*

Aliporudi kilimani kutandika benchi, alisubiri Daktari akae vizuri na chai yake.

"Ile ngozi," alianza, huku akichana manyoya ya kondoo kwa kitana cha chuma, "aliyekuuzia ni mtu wa huku kwetu?"

"Mama, unauliza kama polisi."

"Nauliza kama fundi."

Daktari alihangaika na kikombe chake. Hakuwa mtu wa kuficha mambo, na hiyo ilionekana usoni. "Aliyeniuzia aliniomba nisimtaje," alisema mwishowe. "Na tena aliniambia nisiilete kwako. Niipeleke kwa fundi wa mbali. Mimi nikaona ni usumbufu wa bure, nizunguke na gunia nchi nzima wakati fundi ninaye."

"Nisiione mimi? Kwa nini?"

"Sikuuliza. Mimi nilitaka zulia."

Kitana kilisimama katikati ya manyoya. Mwizi wa kawaida asingejali fundi gani anapelekewa ngozi. Aliyesema maneno hayo alijua kwamba Fundi Manyoya akiishika ngozi ile ataitambua, na si watu wengi waliojua aliwahi kulitibu lile kovu. Alihesabu kichwani. Mama mkwe alijua, na Kengele labda. Na mume wake.

Alimaliza kazi ya siku ile mikono ikienda yenyewe. Njiani kurudi alikumbuka matairi. Baada tu ya ng'ombe kutoweka, pikapu ilivaa matairi mapya manne, na alipouliza yametoka wapi, mume alisema, "Nimeyapata kwa mtu." Wakati ule jibu lilimtosha. Sasa alilirudia, akalisikia jinsi lilivyofanana na la Daktari.

Kuanzia hapo nyumba ilijaa macho. Mume akiongea kwa simu nje, yeye anakwenda kuanua nguo ambazo hazijakauka. Mume akichelewa, anaenda kugusa boneti ya gari aone kama lina joto. Alijidharau kwa kufanya hivyo, lakini hakuacha.

Asichokijua ni kwamba naye alikuwa akitazamwa.

"Huko kilimani mnafanya nini siku nzima?" mume alimuuliza jioni moja wakila. "Mazulia gani yasiyoisha?"

"Nyumba ni kubwa."

"Na mwenye nyumba yuko peke yake."

"Ana mimi na ngozi zake. Unataka kusema nini, Baba Pacha?"

"Sisemi kitu. Zamani ulikuwa unarudi unanisimulia mpaka nasinzia. Siku hizi unarudi kimya kama maji mtungini."

Hapo ndipo alipoamua kumpima. Akaweka kijiko chini, akasema taratibu, akimkazia macho, "Nimesikia ngozi ya Bibi Harusi imeonekana."

Mume alisimama ghafla hata kiti kikaanguka. "Wapi? Nani anayo? Si nilisema mimi? Ni yule Kengele!" Tayari alikuwa anatafuta ufunguo wa gari.

Mke aliutazama uso ule kama anavyotazama ngozi kabla ya kuikata. Hasira ilikuwa ya kweli, au basi alikuwa mwigizaji hodari kuliko alivyomjua kwa miaka yote ya ndoa. "Kaa chini," alisema. "Ni maneno ya sokoni tu."

Mume hakukaa. Alimtazama naye, kwa muda mrefu. "Wewe unanificha kitu," alisema, akatoka nje. Chakula kilipoa mezani, na hakuna aliyekirudia.

*

Mjini palikuwa na bucha moja tu iliyouza ngozi nzima kwa mtu aliyetaka, na mwenyewe alijulikana kwa jina la Kisu. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, aliyempa kila mteja utani kabla ya nyama. Fundi Manyoya alikuwa akinunua kwake tangu anaanza kazi. Alichukua kipande alichokata kwenye ukingo wa ngozi ile, chenye weusi upande mmoja na weupe upande wa pili, akaenda nacho asubuhi.

"Karibu, shemeji wa mbuzi wote!" Kisu alimpokea.

Hakucheka. Aliweka kile kipande juu ya kigogo cha kukatia nyama.

Utani wa Kisu uliishia hapo hapo. Aliangalia kipande, akaangalia barabarani, akamwambia mteja mmoja aliyekuwa akisubiri maini kwamba maini yameisha, ingawa yalikuwa yananing'inia mbele ya macho yao wote.

"Nilimwambia yule daktari asiilete kwako," alinong'ona.

"Ameileta. Sasa niambie aliyemleta ng'ombe. Ukinizungusha, nitarudi na mume wangu, na unamjua."

"Mumeo ndiye nisiyemtaka hapa kabisa." Kisu alifuta mikono kwa aproni, akaifuta tena. "Aliniapisha, dada yangu. Ng'ombe alikuwa wake, na shahidi wa umiliki alikuwa ng'ombe mwenyewe, maana alikuwa akiitii sauti yake kama mtoto. Ningekataa vipi?"

"Nani?"

"Mama mkwe wako."

Fundi Manyoya alishika ukingo wa kaunta.

"Alikuja alfajiri, peke yake," Kisu aliendelea. "Lakini kuna jambo lilinishangaza. Hakumvuta kwa kamba. Ng'ombe alitangulia, yeye nyuma ameweka mkono mgongoni mwake, kama ng'ombe ndiye anayemleta yeye. Walipofika hapa alipapasa mwimo wa mlango kwanza ndipo akaingia. Nikasema moyoni, huyu bibi analia, haoni njia. Akaniambia ngozi nisikuuzie wewe. 'Mkwe wangu ataijua hata akifumba macho,' ndivyo alivyosema. Halafu akaniomba nimtafutie mtu wa kumrudisha kwake."

"Na Kengele alipotukanwa kona pale, wewe ulikuwa wapi?"

Kisu aliinamisha kichwa. "Nilikuwa hapa hapa. Nilikuwa nimeapa."

*

Alikwenda kwa mama mkwe siku hiyo hiyo, bado ana aproni ya kazini. Njia nzima alikuwa akipanga maneno makali. Alipofika, aliyaacha getini.

Bikizee alikuwa ameketi mlangoni kwenye jua, ungo wa maharage mapajani. Alikuwa akiyachambua bila kuyatazama. Vidole vilienda, vikakuta kijiwe, vikakitupa. Kutoka mlangoni ilikatiza kamba ya kuanikia nguo, ikapita jikoni, ikaishia chooni. Fundi Manyoya alikuwa ameiona kamba hiyo mara nyingi, akamcheka mama mkwe kwa kuifunga chini kiasi kile, shuka zikaburuzika mavumbini. Leo aliona kwamba ilikuwa imekaa usawa wa mkono, na kwamba haikuwa na nguo hata moja.

Alisimama mbele yake, hatua chache, bila kusema neno. Mama mkwe aliinua uso. Macho yake yalimpita, yakatulia kwenye ukuta.

"Nani hapo?" aliuliza. Halafu akavuta pumzi puani. "Ah. Unanuka shabu. Karibu, mwanangu. Mbona huniamkii?"

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Alikaa kwenye ngazi. Alichukua kiganja cha mama mkwe, akakiweka juu ya kile kipande cha ngozi. Vidole vya yule bibi vilikipapasa, vikaenda na manyoya, vikarudi kinyume na manyoya, vikasimama.

"Kisu amesema," alisema mama mkwe.

"Tangu lini huoni, Mama?"

"Naona. Naona mwanga. Naona mtu akisimama mbele ya jua. Uso sioni. Jicho moja lilitangulia, la pili likafuata, taratibu hata sikujua ni siku gani nilianza kukisia."

"Na hukutuambia."

"Niwaambie mnifanye nini? Siku moja niliacha mlango wa banda wazi, nikidhani nimefunga. Bibi Harusi akatoka mpaka barabarani. Nilisikia breki za lori. Nilikaa chini pale pale. Nikajua siku nyingine ataua mtu, au atauawa. Nifanye nini? Nimtoe kwa jirani, mtauliza kwa nini. Nimuuze kwa uwazi, mtauliza kwa nini. Na mumeo alishaniambia kwa kinywa chake, 'Mama, siku ukishindwa na ng'ombe, unahamia kwetu.'"

"Kwetu si kubaya, Mama."

"Sijasema ni kubaya. Ni kwenu."

Fundi Manyoya aliutazama uwanja ule, kila kitu mahali pake, ufagio kwenye pembe yake, ndoo kwenye jiwe lake, akaelewa kwamba mtu huyu alikuwa ameikariri nyumba nzima kwa mikono. Nyumba nyingine asingeiweza tena.

"Na Kengele?" aliuliza.

Maharage yalisimama ndani ya ungo.

"Sikumtaja mimi."

"Hukumtaja. Na hukumtetea."

"Nilidhani maneno yatapoa," bibi alisema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Kila siku nilisema kesho nitamwambia mwanangu ukweli. Kila kesho ilikuwa mbaya kuliko jana yake. Kengele alikuwa akipita hapa ananipigia kengele hata kama hana la kufanya, ili nijue asubuhi imefika. Ameacha. Sasa asubuhi nazikisia kwa kuku."

Kabla Fundi Manyoya hajasema lolote, mama mkwe aligeuza kichwa upande wa geti. "Na wewe njoo basi," alisema kwa sauti. "Unanuka petroli tangu ulipofika. Kwani nani alikufundisha kusikiliza nyuma ya ua?"

Mume alijitokeza, kofia mkononi, uso umemwiva. Mkewe aliruka akasimama.

"Umenifuata?"

"Nimekufuata."

"Mpaka hapa?"

"Sikujua unakuja hapa. Nilidhani... nilidhani unakwenda kwingine."

Fundi Manyoya alitaka kukasirika. Alikumbuka matairi, akaona hasira yake haina pa kukaa.

Mume alichuchumaa mbele ya mama yake. Alipunga mkono mbele ya macho yake, polepole, kama mtoto anayejaribu jambo asilotaka liwe kweli. Macho hayakupepesa. Akauficha uso wake magotini pa mama, juu ya maharage, na mama akampapasa kichwa, akamwambia amwage yote basi, kazi ya asubuhi nzima imeharibika.

"Nitakwenda kwa Kengele," alisema bibi baadaye. "Leo. Mniongoze."

"Nitakwenda mimi," mwanawe alisema. "Mimi ndiye niliyemwita mwizi."

"Utakuja. Lakini wa kuanza ni mimi."

*

Kengele walimkuta uani kwake akisugua madumu kwa majivu. Mengine yalikuwa yamepinduliwa ukutani, yamekauka, yana vumbi. Alipomwona dereva akiingia, alisimama na dumu mkononi, na ilikuwa wazi lile dumu halikuwa tena la maziwa. Alipomwona bibi nyuma yake, akilishika bega la mkwewe, alilishusha.

Bibi alisema yote, amesimama, bila kukubali kiti. Hakujitetea kwa uzee wala kwa macho. Kengele alisikiliza mpaka mwisho.

"Mama," alisema, "wewe nimekusikia. Umekuja kwa miguu yako, na kumbe hata njia huioni. Kwako sina neno." Kisha akamgeukia dereva. "Wewe unataka kuniomba radhi."

"Nataka."

"Hapa uani kwangu? Hapa kuna nani? Kuna mimi na kuku. Uliponiita mwizi palikuwa na watu. Nenda ukaseme pale pale."

Kesho yake asubuhi mume wa Fundi Manyoya alisimama kwenye kona ya maziwa. Mkewe alisimama ng'ambo ya barabara akimwangalia. Mtu yule aliyezoea kuwapigia kelele wapagazi na askari wa barabarani alisema maneno yake kwa sauti ya mgonjwa. Mtu mmoja alidakia, "Ongeza sauti, siku ile tulikusikia vizuri!" Watu wakacheka. Akaongeza. Alisema ng'ombe hakuibwa, kwamba Kengele hakuchukua kitu, na kwamba yeye alisema jambo asilolijua. Hakutaja macho ya mama yake. Kengele aliendelea kupima maziwa, kichwa chini, kana kwamba anayezungumziwa ni mtu mwingine.

Wateja wengine walirudi siku ile ile. Wengine hawakurudi, wakanong'ona kwamba huenda dereva amelishwa kitu, au wamepatana kugawana ng'ombe. Na Kengele, ingawa alianza tena kupiga kengele mbele ya geti la bibi kila asubuhi, hakukanyaga tena nyumbani kwa dereva, wala dereva hakupata ujasiri wa kumwalika.

*

Kazi ya kilimani bado ilikuwa haijaisha. Safari hii mume alibeba mwenyewe mafurushi kutoka kwenye pikapu, akaingia nayo ndani akiwa amekunja uso, tayari kumwona huyo mwanamume aliyemnyima usingizi. Daktari alitoka chumbani kwa taratibu, mgongo umepinda, meno yake ya bandia yakiwa ndani ya kikombe mkononi.

"Thamahani," alisema Daktari, "nilikuwa nayathafitha."

Mume aliweka mafurushi chini. Alimtazama mkewe. Mkewe alijifanya anahesabu mito ya sungura, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Walifanya kazi pamoja mpaka alasiri. Mke alimwonyesha mumewe jinsi ya kupigilia kitambaa kigumu chini ya ngozi ili zisiteleze kwenye mbao, na jinsi ya kuipeperusha ngozi ya kondoo mpaka manyoya yasimame. Walipokuwa wamepiga magoti kila mmoja upande wake wa benchi, alimwuliza bila kuinua kichwa.

"Yale matairi uliyapata kwa nani?"

"Kwa dereva mwenzangu aliyeacha kazi. Kwa nini?"

"Basi tu."

Mume aliacha kupeperusha. Alifikiri, na taratibu akaelewa. "Ulinidhania mimi? Nimuibie mama yangu?"

"Na wewe ulinidhania mimi na babu huyu."

Walitazamana juu ya manyoya. Hapakuwa na mwenye haki ya kununa, na hilo liliwaudhi wote wawili. Mwishowe mume alichukua kitana akaendelea na kazi, akisugua kwa nguvu mno hata ikabidi anyang'anywe.

Ngozi ya Bibi Harusi ilitandikwa mbele ya meko. Daktari, aliyekwisha kusimuliwa habari yote, hakutaka kuikanyaga. Alisema aitundike ukutani, au airudishe kwa wenyewe. Fundi Manyoya alikataa. Alikuwa ameshamuuliza mama mkwe, na mama mkwe alishangaa swali lenyewe. Ng'ombe amekwisha kuuzwa, alisema, nani tena anarudishiwa? Basi ngozi ikabaki pale, nyeusi kwenye mbao nyekundu, shela lake jeupe likielekea mlangoni, na sebule ile kwa mara ya kwanza haikurudisha sauti mtu alipokohoa.

Mama mkwe hakuhamishwa. Mwanawe alipeleka waya mpya kutoka mlangoni hadi jikoni na chooni, imara kuliko kamba ya zamani, na mkewe akawa anakwenda kila baada ya siku mbili. Hospitalini waliambiwa jicho la kushoto limekwisha, lakini la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na mtoto wa jicho hutolewa. Bibi alikataa, akakubali, akakataa tena, akaenda.

Siku bandeji ilipofunguliwa, mkwewe ndiye aliyekuwa amekaa kando ya kitanda. Mama mkwe alipepesa jicho mara nyingi, machozi yakimtiririka. Alitazama dirisha, akatazama mikono yake mwenyewe akaichukia kidogo, halafu akamgeukia Fundi Manyoya. Alimkagua usoni, akapanda mpaka kwenye nywele, akakaa hapo kwa muda.

"Kumbe umeota mvi namna hii," alisema, "na hukuniambia."